Neno Moja, Mialo Miwili

Hotuba kwa wafanyabiashara wa ziwani, wahudumu wa afya na walimu, Kigoma

Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu, ndugu zetu mliovuka ziwa na mliovuka mpaka, karibuni sana.

Tuanzie mwaloni Kibirizi. Boti imefika, magunia ya dagaa yamepangwa. Mama aliyetoka Uvira anasimama mbele ya gunia na kusema, "Mi nauza ndagala." Mwenye gunia anakunja uso: mimi mwenyewe nauza, kauzie kule. Mama anabaki ameduwaa, kwa sababu amekuja na pesa mkononi. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, kuuza ni kununua. Anayetaka kutoa mali yake apewe pesa husema kuuzisha.

Wengi wetu tukisikia hivyo tunasema ni Kiswahili kibovu. Tuitazame hoja yake kwanza. Kula, kulisha. Kuona, kuonyesha. Anayekulisha anakufanya ule. Basi, kama kuuza ni kununua, anayekuuzisha anakufanya ununue, na huyo ndiye mwenye mali. Warundi wanafanya vivyo hivyo: kugura ni kununua, kugurisha ni kuuza. Mama wa Uvira hajakosea kitu. Anafuata kanuni ile ile ya kauli ya kutendesha ambayo watoto wetu wanafundishwa darasani, ila ameianzia upande wa pili wa biashara.

Hilo ndilo tunalotaka kusema leo. Kujifunza lugha ya mwenzako kunakupa maneno, ndiyo, lakini faida kubwa ni mazoea: mazoea ya kukumbuka kwamba mtu aliye mbele yako haoni unachokiona wewe, na ya kumuuliza kabla hujamhukumu. Wengine wanaiita huruma. Sisi tunaona ni ustadi, na ustadi una hatua zake, una vipimo vyake, na una mahali unapoharibika.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walitoa matokeo ya jaribio walilofanya kwa watoto 72 wa miaka minne hadi sita. Mtoto anakaa upande mmoja wa kabati lenye vyumba, mtu mzima upande wa pili. Kuna magari matatu ya kuchezea: kubwa, la kati na dogo. Lile dogo kabisa limefichwa, mtoto analiona, mtu mzima halioni. Mtu mzima anasema: naona gari dogo, lisogeze. Akilini mwake gari dogo ni lile la kati, maana la tatu halioni. Watoto waliokulia kwenye lugha moja walipatia karibu nusu tu ya mara. Watoto wa lugha mbili walipatia zaidi ya robo tatu. Na kundi la tatu, watoto ambao wenyewe hawakuzijua lugha mbili ila walizisikia zikizungumzwa mara kwa mara karibu nao, walikuwa sawasawa na wale wa lugha mbili. Mwalimu wa Ujiji atafakari hilo. Mtoto anayesikia Kiha kwa bibi yake, Kiswahili shuleni na Kibembe kwa jirani amezungukwa na zoezi hilo tangu anaamka. Kumwadhibu kwa kuongea lugha ya nyumbani ni kumnyang'anya kitu.

Tusizidishe, hata hivyo. Jaribio lile lilipima kama mtoto anatambua mwenzake anaona nini. Halikupima wema. Rwanda watu wote wanaelewana kwa Kinyarwanda, Burundi kwa Kirundi, na lugha hiyo moja haikuwakinga. Mwaka 1994 redio huko Rwanda iliwaita binadamu inyenzi, yaani mende, kwa lugha ambayo muuaji na aliyeuawa walinyonya kwa mama. Mkoa huu umepokea watu wa Burundi tangu 1972, na kambi ya Nyarugusu ilianza kupokea Wakongo mwaka 1996, kwa hiyo hapa hakuna anayehitaji kuelezwa zaidi. Lugha moja ya wote haileti amani peke yake. Ndiyo maana hatuzungumzii lugha moja ya wote. Tunazungumzia kazi ya kujifunza ya mwenzako, kazi inayokuweka kwa muda kwenye nafasi ya yule asiyejua.

Na jinsi ya kuuliza ni nusu ya kazi. Februari 1858 Burton na Speke, wasafiri wa Kiingereza, walifika Ujiji wakitafuta chanzo cha Nile. Speke alikuwa akizungumza na mkalimani wao, Sidi Mubarak Bombay, kwa Kihindustani, lugha ambayo Bombay aliipata India baada ya kuuzwa utumwani. Bombay naye aliyageuza maneno kwa Kiswahili. Swali lao kubwa lilikuwa moja: mto Rusizi, kaskazini ya ziwa, unaingia au unatoka? Speke alivuka ng'ambo akarudi na jibu la mfanyabiashara mmoja Mwarabu: unatoka. Furaha ikawa kubwa, maana mto unaotoka kwenda kaskazini ungeweza kuwa Nile. Walipofika Uvira wenyeji wakawaambia unaingia, na Burton ameandika kwamba hapo Bombay alieleza kuwa Speke alikuwa hakumwelewa yule Mwarabu. Kuingia na kutoka vilipinduka ndani ya mnyororo wa lugha. Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi kutoka Ujiji mwaka 1871 kulitazama kwa macho: Rusizi unaingia.

Wangefanya nini tofauti? Kitu ambacho muuguzi na mfanyabiashara wanaweza kufanya leo. Usiulize swali la ndiyo au hapana kupitia mkalimani. Mwambie mtu akuonyeshe. Achore mchangani ziwa na mto, kisha aburute kidole kule maji yanakoelekea. Halafu uliza upya kwa njia nyingine: mtu akikaa kwenye mtumbwi pale mdomoni bila kupiga kasia, atapelekwa wapi? Majibu mawili yakigongana, hujapata jibu bado.

Sasa tuje kwenye lugha zenyewe, na tuanze na ile tunayodhani tunaijua.

Kiswahili cha ng'ambo kina maneno yanayofanana na yetu sura, si maana. Kamata ni chukua au pokea. Mgonjwa akisema "nilikamata dawa", hajamkamata mtu, amepokea dawa. Kutosha ni kutoa: "nitoshe viatu?" ni swali la kuvua viatu, wala hakuna aliyesema vinamtosha. Mayi ni maji. Bibi yangu ni mke wangu, na hapa mhudumu wa mapokezi akijaza fomu anaweza kumwandika mke wa kijana wa miaka 25 kuwa bibi mzaa baba. Haya si mambo ya kuchekea. Kwenye fomu ya kambi au ya hospitali, uhusiano ulioandikwa vibaya unaweza kutenganisha familia kwenye karatasi, na karatasi hairekebishwi kwa urahisi.

Halafu kuna salamu. Mtoto wa Kikongo anakuja kwako mzee mzima, anasema "jambo", bila shikamoo. Hapa kwetu hiyo ni kukosa adabu. Kwao shikamoo si desturi, na jambo ni salamu ya heshima ya kila siku, wala si neno la kuwapa watalii. Ukimfokea, atajifunza kwamba watu wa huku ni wakali bila sababu. Mfundishe shikamoo taratibu, na wewe pokea jambo yake kama ilivyokusudiwa.

Kirundi na Kiha ni ndugu wa karibu mno, kiasi kwamba Muha wa Kasulu na Mrundi wa ng'ambo ya Manyovu wanaelewana bila mkalimani. Kwa anayekijia Kirundi akitokea Kiswahili, msingi upo tayari: mtu ni umuntu, watu ni abantu, nyama ni inyama, maji ni amazi, kula ni kurya. Irabu ile ya mwanzo, u au a au i, ukiisahau utaeleweka. Herufi c isome ch: cane, sana, hutamkwa chane. Hata amahera, pesa, ni ndugu wa hela yetu. Yote mawili tuliachiwa na sarafu ya Mjerumani.

Hatari iko mahali pengine, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo biashara na matibabu vinapoharibika: hesabu na siku.

Hesabu kwanza. Mbili hadi tano mtu wa Kiswahili anazishika haraka, kwa kuwa -biri, -tatu, -ne, -tanu zinafanana na zetu. Anajiamini, kisha anagonga ukuta kwenye sita, saba na tisa, ambazo Kiswahili kilizichukua kwa Waarabu. Kirundi kinasema gatandatu, indwi, icenda. Nane na kumi ndizo zinazosaidia: umunani, icumi. Basi usijifunze moja hadi kumi kwa mpangilio. Anza na hizo tatu ngumu, zirudie kwa wiki nzima kwa bei halisi za sokoni, zingine zitajipanga.

Siku ni mbaya zaidi. Kiswahili kinahesabu kuanzia Jumamosi, kwa hiyo Jumatatu ni siku ya tatu. Kirundi kinaanzia siku tunayoiita Jumatatu: ku wa mbere ni Jumatatu, ku wa kabiri ni Jumanne, ku wa gatatu ni Jumatano. Msikilizaji anasikia "tatu" ndani ya gatatu, anaandika Jumatatu, na mzigo unasubiriwa siku mbili kabla ya wakati wake. Kliniki ikimwambia mama wa Kirundi arudi "Jumatatu", akashika ile tatu, atakuja Jumatano na kukuta chanjo ya siku ile imekwisha. Na gatatu peke yake maana yake ni mara tatu: gatatu ku musi, mara tatu kwa siku.

Kisha kuna ejo. Ejo ni jana, na ejo ni kesho. Warundi hawachanganyikiwi, kwa kuwa kitenzi kinabeba wakati: ukisikia -zo- ndani yake, kama nzoriha ejo, nitalipa kesho, mambo yako mbele. Mgeni anayeshika neno ejo na kuacha kitenzi ndiye anayegombana na mdeni wake. Dawa yake ni kutaja tarehe. Tarehe 14 haina jana wala kesho.

Ongeza saa. Burundi na mashariki ya Kongo wako nyuma yetu kwa saa moja. Tukisema saa tatu asubuhi hapa, Bujumbura ni saa mbili. Na anayezungumza Kifaransa akisema saa tatu anahesabu kuanzia usiku wa manane au adhuhuri, kwa hiyo saa tatu yake ya mchana ni saa tisa kwa hesabu yetu, kabla ya kuongeza ile tofauti ya saa moja. Anayepanga safari ya boti ataje mambo mawili kila mara: saa ya nani, na asubuhi au jioni.

Kuhusu Kifaransa tutapita haraka. Vitabu vingi vya Ufaransa vinakufundisha kwamba 70 ni soixante-dix na 90 ni quatre-vingt-dix. Jirani zetu walitawaliwa na Wabelgiji, wao husema septante na nonante. Jifunze hizo, mezani pa ushuru utazihitaji. Hata samaki wana majina ya mipaka: dagaa wetu ni ndagala Bujumbura na Uvira, ni kapenta ukishuka hadi Mpulungu, Zambia. Mgebuka wetu, Burundi ni mukeke. Samaki mwenyewe anaogelea nchi nne bila kubadili jina.

Mtu ajifunzeje, basi, akiwa na kazi, watoto na simu yenye chaji nusu?

Tafuta mwenza mmoja ambaye naye anataka kitu kutoka kwako. Mrundi anayetaka Kiingereza cha shule na wewe unayetaka Kirundi mnafaana. Kaeni dakika 40, mara tatu kwa wiki: 20 za lugha yake, 20 za lugha yako, na mtazame saa. Bila saa, lugha yenye nguvu itameza nyingine. Kigoma lugha hiyo ni Kiswahili: unaanza Kirundi, unakwama, mwenzako kwa ukarimu anakuokoa kwa Kiswahili, na somo limekufa. Zile dakika 20 ukikwama, onyesha kwa mkono, chora, nyamaza ufikiri. Kukwama huko ndiko kunakofundisha. Mgeni aliye mbele ya kaunta yako anaishi hivyo siku nzima.

Jifunze sentensi, usijifunze maneno matupu. Lugha zetu hizi zina ngeli. Neno bila sentensi yake halikuonyeshi upatanisho. Sentensi tano kwa siku, siku sita, ni 30 kwa wiki. Wiki 12 zinakupa 360, zinazotosha kununua, kuuza, kupokea mgonjwa na kumpa pole mfiwa. Daftari liwe na safu nne: sentensi kama ulivyoisikia, maana yake, nani aliisema na kwa nani, tarehe. Safu ya tatu wengi huiacha, na ndiyo inayowaokoa. Kirundi kina urakoze kwa mtu mmoja wa rika lako au mtoto, na murakoze kwa wengi au kwa mkubwa. Aliyejifunza kwa vijana wa bandarini tu atamshukuru mzee wa watu kwa urakoze, na hatajua kwa nini mzee amepoa. Safu hiyo ingemwambia kwamba alilisikia kijana akimwambia kijana mwenzake.

Omba ruhusa, urekodi sekunde 60 za mtu akieleza kazi yake. Sikiliza mara tano. Mara ya kwanza usiandike chochote. Ya pili na ya tatu andika unachosikia, hata kama hukielewi. Ya nne sahihisha. Ya tano kaa na msemaji akusahihishe. Utagundua kwamba sikio lako limekuwa likijaza maneno ya lugha yako palipokuwa na maneno yake, na kwamba sauti inabeba maana: umuryango huandikwa sawa kwa mlango na kwa familia, ila havitamkwi sawa.

Rudia kila sentensi baada ya siku 1, siku 3, siku 7 na siku 21. Kusahau huwa kwa kasi katika siku za mwanzo, kisha hupungua, kwa hiyo marudio yakaribiane mwanzoni na kuachana baadaye. Anayekesha Jumapili moja na sentensi 60 atakuwa na chache sana Jumapili ijayo.

Mwenza asahihishe makosa matatu tu kwa kikao. Zaidi ya hapo mwanafunzi anaacha kusema. Na asicheke. Tunalisema hili kwa uzito, hasa kwa walimu: kicheko cha darasa ndicho kinachoua lugha ya mtoto mgeni, kuliko ugumu wowote wa sarufi. Mtoto wa Kirundi akitamka neno akachekwa, atanyamaza muhula mzima, na mwalimu ataandika kwamba hana uwezo.

Kwa wahudumu wa afya, kabla hamjaijua lugha mtatumia mkalimani. Asiwe mtoto wa mgonjwa. Binti wa miaka 11 hana maneno ya ugonjwa wa uzazi, na hata akiwa nayo hatamwambia mama yake habari mbaya. Atailainisha, au ataibeba peke yake. Mtu mzima akae pembeni, kidogo nyuma ya mgonjwa, ili macho yako na ya mgonjwa yakutane. Sema na mgonjwa: "unaumwa wapi", usiseme "muulize anaumwa wapi". Sentensi moja, jambo moja, kisha nyamaza. Namba ziandikwe na zionyeshwe kwa vidole. "Vidonge vitatu kwa siku" ni sentensi mbovu hata kwa Kiswahili, maana haisemi ni vyote pamoja au kimoja kimoja. Sema: kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku. Mwisho usimuulize "umeelewa?" Kila mtu atasema ndiyo, kwa heshima. Mwambie: ukifika nyumbani utamwelezaje mumeo namna ya kutumia dawa hii? Akikosea, kosa ni la maelezo yako. Anza upya.

Tukitoka hapa, wafanyabiashara wa Kibirizi watakaa upande wa dirishani na wenzao wa ng'ambo, wauguzi watakaa mlangoni. Kila wawili wapate daftari moja. Sentensi ya kwanza iwe ya bei, ya pili iwe ya siku, na yeyote atakayesema kuuza aseme pia pesa inatoka mfukoni mwa nani. Saa ianze sasa: dakika 20 za lugha ya mgeni kwanza.